Mnunuzi wa Mchezo Amegeuzwa Mpangaji

Mtu akinunua kitabu leo, na kesho yake mwenye duka akafilisika, kitabu hubaki rafuni mwa mnunuzi. Hakuna karani atakayetumwa usiku kuja kukichukua, wala kurasa zake hazitageuka nyeupe eti kwa kuwa mchapishaji ameona wasomaji wamepungua. Ndivyo tulivyolielewa neno kununua tangu jadi: bei ikishalipwa, kitu kimepata mwenyewe mwingine. Ipo biashara moja kubwa duniani ambayo imelibadilisha neno hilo maana huku ikiendelea kulitumia katika matangazo yake. Biashara hiyo ni ya michezo ya video, nami namwomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini jambo hili linamhusu hata yeye ambaye hajawahi kuicheza.

Desemba 2014, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew. Mchezaji aliweza kuendesha gari lake kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, akitaka pamoja na wenzake, akitaka peke yake. Tarehe 31 Machi 2024, kampuni hiyo ilizima seva za mchezo huo, yaani zile kompyuta za mbali ambazo mchezo ulilazimika kuwasiliana nazo kila unapofunguliwa. Tangu siku hiyo, aliyeununua kwa pesa zake amebaki na kisahani cha plastiki kisichofaa kwa lolote. Hata yule aliyependa kuendesha peke yake kwenye barabara tupu, asiyetaka kushindana na kiumbe yeyote, naye alifungiwa mlango. Hakuna sharti lolote alilokuwa amelivunja; aliyefunga mlango ndiye aliyemuuzia nyumba.

Bila shaka wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto, na kwamba gazeti lina mengi mazito ya kujadili. Siafiki. Yanayofanywa leo kwa vitu vya kuchezea hufanywa pia kwa vitu vingine. Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokuwa wamekwisha kuinunua, ikawarudishia pesa zao, kwa hoja kwamba aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza. Basi hata kile kitabu cha rafuni nilichokitaja hapo mwanzo, kikiwa cha elektroniki, kina mwenyewe mwingine asiyeonekana.

Ili tuelewe tumefikaje hapa, yafaa turudi nyuma kidogo. Wengi hudhani kwamba mchezo wa video ulizaliwa ukiwa wa mtu mmoja aliyejifungia chumbani, kisha intaneti ikaja kumtoa katika upweke. Historia haisemi hivyo. Mchezo wa Spacewar!, uliotungwa na Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1962, ulikuwa wa watu wawili waliopigana kwa vyombo vya angani katika kioo kimoja. Pong, ambao kampuni ya Atari iliuingiza katika mabaa mwaka 1972, ulikuwa wa wawili pia. Hiyo ndiyo asili ya michezo mingi ya wanadamu. Bao letu huchezwa na wawili, na raha yake haikamiliki bila ya watazamaji wanaozunguka wakihesabu kete kwa macho na kutoa ushauri wasioombwa.

Mchezo wa mtu mmoja ulistawi pale mashine zilipoingia majumbani na kupata akili ya kutosha kuwa mshindani. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Super Mario Bros. mwaka 1985 na The Legend of Zelda mwaka 1986, na katika michezo ya namna hiyo mchezaji alijikuta yumo safarini. Alipotea, akaanguka, akarudia, hatimaye akafika. Mchezo ulikuwa na mwanzo, kati na mwisho, kama riwaya. Aliyeutunga alikuwa na jambo la kusema, na alipokwisha kulisema alinyamaza. Naona hapo ndipo palipokuwa na hadhi ya michezo hiyo: ilijua kumaliza.

Kisha nyaya zikaanza kuunganishwa. Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software mwezi wa Desemba 1993, uliwawezesha watu wanne kuwindana kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake. Mwaka 1997 ukaja Ultima Online, ulimwengu mzima uliokaliwa na maelfu ya wachezaji kwa pamoja, nao waliulipia ada ya kila mwezi. Mwaka 2002 kampuni ya Microsoft ikaanzisha huduma ya Xbox Live, na uchezaji wa mtandaoni ukahama kutoka kwa mabingwa wa kompyuta hadi sebuleni mwa kila mtu. World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004, ulikuwa na walipaji zaidi ya milioni 12 kufikia Oktoba 2010. Nchini Marekani kila mmoja wao alitozwa karibu dola 15 kwa mwezi. Msomaji na apige hesabu mwenyewe, kisha aniambie ni mfanyabiashara gani angeziona fedha hizo na akaendelea kuridhika na kuuza kisahani kimoja mara moja tu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Tunaambiwa kwamba michezo ilihamia mtandaoni kwa sababu binadamu hupenda wenzake. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba mchezo wa hadithi huuzwa mara moja, na mchezaji akishaumaliza hana deni na mtu. Mchezo wa mtandaoni haumaliziki, na kitu kisichomalizika hakina siku ya kukoma kulipiwa. League of Legends, ulioanza Oktoba 2009, hutolewa bure. Vivyo hivyo ule upande wa Fortnite ulioanza Septemba 2017, ambamo watu mia moja hushindania nafasi moja ya kubaki hai. Kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni mavazi, mbwembwe na vikorokoro vya wahusika. Mlango ulioachwa wazi namna hiyo huingiza mamilioni, na mamilioni hao, hata wakitoa kidogo kidogo, huwapita kwa mbali wale wachache walionunua kwa bei kamili.

Mfano wa Grand Theft Auto V unafundisha. Mchezo huo ulitoka Septemba 2013 ukiwa na hadithi ndefu ya mchezaji mmoja, na Oktoba ya mwaka huo huo ukaongezewa upande wa mtandaoni. Nyongeza za hadithi zilizokuwa zimekusudiwa hazikutoka kamwe, ilhali upande wa mtandaoni umeongezewa mambo mapya kwa zaidi ya miaka kumi. Nayo kampuni ya EA, katika hesabu zake za mwaka wa fedha wa 2024, ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili za mapato yake zilitokana na huduma zinazoendelea baada ya mchezo kutolewa. Akili ya mfanyabiashara hufuata mahali pesa zinapotoka. Oktoba 2017, kampuni hiyo hiyo iliifunga studio yake ya Visceral Games, ambayo ilikuwa ikitengeneza mchezo wa hadithi wa Star Wars, ikieleza kwamba mchezo ule ulihitaji kugeuzwa uwe kitu ambacho wachezaji wangekirudia kwa muda mrefu.

Nisije nikaeleweka visivyo. Silaani uchezaji wa pamoja, wala siamini kwamba upweke ni fadhila. Mwaka 2020, nchi nyingi zilipofunga milango yake kwa hofu ya korona, vijana wengi walikutana na marafiki zao katika michezo hiyo wakati ambapo hawangeweza kukutana barabarani. Mgonjwa asiyeondoka kitandani, au kijana aliyehamia ughaibuni, huweza kucheza na nduguye aliyebaki nyumbani kana kwamba wamekaa mkeka mmoja. Hiyo ni neema, na mwenye kuikana ni mkaidi.

Hata hivyo, neema hiyo haimfikii kila mtu kwa kipimo kimoja, nasi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo. Kutoka Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Mwanga, ambao ndio ubebao habari ndani ya nyaya za kioo, husafiri humo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata waya ungenyooka kama rula, ni kama milisekunde 68, na nyaya zenyewe hazinyooki: hushuka hadi pwani, zikazunguka baharini. Katika mchezo wa kulenga shabaha, kijana wa Nairobi aliyeunganishwa na seva ya Ulaya humwona adui mahali ambapo adui huyo amekwisha kuondoka. Tena hulipia bando ili ashindwe. Mchezo wa mtu mmoja haukujua ubaguzi huo. Ukishaingia nyumbani, mtoto wa Kisumu na mtoto wa Tokyo walikuwa sawa mbele yake.

Ndiyo maana michezo ya video mitaani mwetu ilishika njia yake yenyewe. Mara nyingi nimepita karibu na vile vibanda ambamo vijana hulipa shilingi chache kwa mechi moja ya kandanda ya kwenye runinga. Wawili huketi bega kwa bega, na nyuma yao husimama wengine wanne wakisubiri zamu, wakishangilia na kukebehi. Aliyefungwa huinuka, mshindi hubaki. Hapo hapana intaneti, na wala hapana upweke. Kinachofanyika ni bao lile lile lililovaa nguo mpya. Mwenye kibanda ana mashine yake, ana mchezo wake, na madhali stima ipo, hakuna mtu wa mbali awezaye kumzimia. Endapo michezo yote itakuwa ya kuombewa idhini kwenye seva kila inapofunguliwa, mwenye kibanda huyo naye atakuwa akifanya biashara kwa hisani ya mtu asiyemjua.

Tena mwenye seva si malaika. Anayeuza mara moja hushughulika na kukupendeza siku ya kununua. Anayeuza kila siku hushughulika na kukuzuia usiondoke. Mwaka 2018, mamlaka ya michezo ya kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba yale masanduku ya bahati nasibu yauzwayo ndani ya baadhi ya michezo, ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka amekwisha kulipa, ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo. Desemba 2022, tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, wamekubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Kati yake, milioni 275 zilihusu faragha ya watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliovutwa kwa hila za vitufe wakanunua wasichokusudia. Agosti 2021, serikali ya China ilifika mbali zaidi, ikawaruhusu walio chini ya umri wa miaka 18 kucheza mtandaoni kwa saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Sisemi tuige amri hiyo. Nasema tu kwamba hakuna serikali iliyowahi kuhitaji kuweka saa za kusoma riwaya.

Je, ni kweli basi kwamba mchezo wa mtu mmoja umekufa, kama ilivyotabiriwa mara nyingi? Ushahidi wakataa. Novemba 2019, EA yenyewe ilitoa Star Wars Jedi: Fallen Order, mchezo wa hadithi wa mchezaji mmoja, nao ukanunuliwa na mamilioni. Baldur's Gate 3, wa kampuni ya Larian ya Ubelgiji, unaoweza kuchezwa na mtu peke yake au na wenzake watatu, ulitwaa taji la mchezo bora wa mwaka 2023 katika tuzo za The Game Awards. Black Myth: Wukong kutoka China, wa mchezaji mmoja, ulitoka Agosti 2024 ukauza nakala milioni 10 katika siku tatu. Clair Obscur: Expedition 33, wa studio ndogo ya Montpellier huko Ufaransa, ulifuata Aprili 2025 na kunyakua taji kama hilo mwishoni mwa mwaka. Kizuri chajiuza.

Kwa upande mwingine, mtandao umekuwa kaburi la waliodhani kuwa kila kisima kina maji. Sony ilitoa mchezo wa mtandaoni uitwao Concord tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba, majuma mawili baadaye, ikauzima na kuwarudishia wanunuzi pesa zao, na Oktoba studio iliyoutengeneza ikafungwa. Sababu si ngumu kuiona. Siku ina saa 24 tu. Anayenunua riwaya mbili huweza kuzisoma moja baada ya nyingine, lakini mchezo unaodai jioni zote za mtu haukubali kuwa na mke mwenza. Hivyo kampuni kumi zikijenga michezo kumi isiyomalizika, tisa zinapigania mabaki, na wafanyakazi wake ndio walipao gharama ya kamari hiyo kwa kupoteza ajira.

Sasa nirudi kwenye haki ya mnunuzi, maana ndiyo hoja yangu. Wenye makampuni husema kwamba seva zina gharama na haziwezi kuwashwa milele. Nakubali. Hakuna mwenye akili anayedai kampuni iwashe mitambo mpaka kiama kwa ajili ya wachezaji kumi. Kinachodaiwa ni kwamba siku ya kufunga, mchezo uachwe katika hali ya kuweza kuchezwa bila seva, angalau na mtu mmoja, au wachezaji waruhusiwe kuendesha seva zao wenyewe. Tunaambiwa kwamba jambo hilo ni gumu mno. Tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu SimCity, uliotoka Machi 2013 ukishurutisha intaneti wakati wote. Watu wakashindwa kuingia kwa siku kadhaa kwa sababu seva zilizidiwa, na watengenezaji wakadai kwamba kuutenganisha na seva kungekuwa kazi kubwa. Machi 2014, mwaka mmoja tu baadaye, ukatenganishwa, ukachezwa bila intaneti. Ubisoft nayo, baada ya kelele za The Crew, iliahidi Septemba 2024 kwamba toleo la pili la mchezo huo lingeweza kuchezwa nje ya mtandao, na mwaka uliofuata ikatimiza. Kumbe kinachokosekana si ufundi, ni nia, na nia huja haraka pale wateja wanapopiga kelele.

Kelele hizo zimeanza kufika mabungeni. Huko Ulaya, ombi la raia la kutaka michezo iliyouzwa isiharibiwe lilipita sahihi milioni moja mwezi wa Julai 2025. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno kununua kwa bidhaa za kidijitali pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni inayoweza kuondolewa. Sheria hiyo haimrudishii mtu mchezo wake, lakini angalau inalirudishia neno maana yake.

Sisi hatuhitaji kuanzia mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ilipitishwa mwaka 2012. Kilichobaki ni kutambua kwamba mchezo, kitabu cha elektroniki, na kila programu iuzwayo kwa Wakenya ni bidhaa kama unga na sabuni. Mfuko wa unga huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Mchezo unaotegemea seva nao uandikwe: seva zitawashwa angalau hadi mwaka fulani, na zikizimwa, mnunuzi atabakiwa na hiki au hatabakiwa na chochote. Mzazi anayetoa maelfu ya shilingi kumnunulia mwanawe zawadi ana haki ya kujua kama amemnunulia mali au amemlipia kodi ya nyumba.

Watu na wacheze pamoja mtandaoni wapendavyo. Hiyo ni furaha yao na siwaonei wivu. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo, na anayeiazima astahili kuambiwa mapema kwamba ni ya kuazima. Michezo ambayo tayari ina zaidi ya miaka 60 ya historia ni sehemu ya utamaduni wa karne iliyopita na hii tuliyomo. Utafiti uliochapishwa Julai 2023 na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Mingi ya hiyo bado huchezwa, kwa kuwa ipo kwenye diski na kaseti kabatini mwa watu waliokuwa wameinunua kwelikweli. Ile inayouzwa leo kwa kutegemea seva haitakuwa na kabati la kukimbilia, na atakayetaka kumwonyesha mjukuu wake mchezo aliokua nao hatakuwa na cha kumwonyesha.